Kabla binti hajaenda kazini Ughaibuni

Dalali anapoleta habari ya kazi ya usafi Dubai, wazazi wengi huuliza kwanza mshahara. Swali kubwa zaidi ni hili: nani analipa gharama za safari?

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1997, unawataka mawakala wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Miongozo ya ILO inasema gharama hizo ni za mwajiri. Familia ikiuza shamba au kukopa, binti huondoka na deni shingoni. Akinyang'anywa pasipoti na mshahara ukazuiliwa, hawezi kuacha kazi. Ataendelea kushika dawa za usafi bila glovu, na hata akiumwa ataogopa kuomba kwenda hospitali. Deni, hati kushikiliwa na mshahara kuzuiliwa ni miongoni mwa dalili 11 za kazi ya kulazimishwa zinazotajwa na ILO.

Kampuni nyingi za usafi huajiri kupitia wakala, naye wakala ana dalali wake mtaani. Kampuni makini huwauliza wafanyakazi walimlipa nani na kiasi gani, huwarudishia fedha hizo, na huwaachia pasipoti zao.

Mzazi naye aulize mapema: kampuni yenyewe inaitwaje? Mkataba uko wapi, na binti anaielewa lugha yake? Wakala amesajiliwa? Ofisi ya kazi inaweza kuthibitisha. Nakala ya pasipoti na ya mkataba zibaki nyumbani. Dalali akikwepa maswali hayo, safari isubiri.