Mnunuzi wa Gari si Windo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya magari yaliyotumika, methali hiyo imepinduliwa. Gari bovu lililooshwa, likapigwa rangi na kung'arishwa matairi, laweza kumpendeza mnunuzi kuliko gari zima ambalo mwenyewe amelitunza miaka kumi bila ya kujali mikwaruzo ya bodi. Uzima wa gari umo ndani ya injini, gia na breki, mahali ambapo jicho la mwananchi wa kawaida halifiki. Anayeujua ukweli wote ni mtu mmoja tu, naye ni yule anayeuza.

Jambo hili si dogo. Wananchi wengi wa Tanzania hawanunui magari mapya. Hununua magari yaliyokwisha kutumika Japani na kwingineko, na magari hayo huuzwa tena hapa nchini, toka mkono hadi mkono. Mwalimu au muuguzi anayenunua gari la namna hiyo mara nyingi hutoa akiba ya miaka mingi, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo utakaokatwa katika mshahara wake kila mwezi. Gari likifa wiki ya pili, mkopo haufi.

Hila zinazotumika zinajulikana. Wako wanaorudisha nyuma hesabu ya kilomita. Wako wanaotia oili nzito kupita kiasi ili injini iliyochoka isisikike ikigonga, au dawa ya kuziba rejeta inayovuja ili ishike siku mbili tatu. Wengine huiwasha injini mapema kabla mnunuzi hajafika, ili moshi wa asubuhi usionekane. Wako hata wanaoizima taa ya hatari inayowaka mbele ya dereva badala ya kutengeneza kinachoiwasha. Anayeficha ubovu wa breki au usukani amevuka mpaka wa wizi wa fedha: anaweka rehani maisha ya mnunuzi, ya watoto wake, na ya mpita njia asiyehusika na mauzo hayo.

Wanaofanya hivyo hujitetea kwa kusema kwamba soko ni soko, na kwamba mnunuzi ana macho na anaweza kuja na fundi. Ni kweli kwamba mnunuzi ana wajibu wa kukagua. Lakini fundi hukagua kwa saa moja gari ambalo mwenyewe ameishi nalo miaka mitano. Hawezi kujua kwamba injini iliwahi kuchemka njiani, wala kwamba gari liliwahi kupinduka likanyooshwa.

Tena, hila hizo hazimwumizi mnunuzi peke yake. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza soko la magari yaliyotumika katika makala ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake yaweza kufahamika kwa mfano mwepesi. Ikiwa gari zima lina thamani ya shilingi milioni 10 na bovu milioni 4, mnunuzi asiyeweza kuyatofautisha, akiona kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu, hatathubutu kupita milioni 7. Mwenye gari zima hataki kupunjwa, hivyo huliondoa sokoni. Mwenye gari bovu hufurahi na kubaki. Mwishowe mabovu huyafukuza mazima, na mnunuzi humshuku kila muuzaji. Basi mdanganyifu anamwibia pia muuzaji mwema, ambaye hulazimika kuuza kwa bei ya kutupa kwa sababu neno lake halisadikiwi tena.

Sheria ipo, lakini ina mipaka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humlinda zaidi yule anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Anayenunua gari kwa mtu binafsi ana kinga ndogo juu ya ubora wake. Hata hivyo, Sheria ya Mikataba huhesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa aweza kuuvunja mkataba. Lakini kesi ni safari ndefu, na mwenye mshahara mdogo hana nauli ya safari hiyo. Pale sheria inapoishia, dhamiri ya muuzaji haina budi kuendelea.

Hakuna anayemtaka mwenye gari kuukuu aliuze kama jipya, wala alitengeneze lote kabla ya kuliuza. Gari la miaka ishirini lina haki ya kuzeeka. Kinachotakiwa ni kwamba uzee huo utajwe na uingie katika bei. Muuzaji aseme ni lini mkanda wa injini ulibadilishwa, ni kitu gani kinavuja, na ni ajali gani ilitokea. Amwachie mnunuzi injini ikiwa baridi, amruhusu aje na fundi wake, na aandamane naye kuliendesha barabarani. Aonyeshe kadi halisi ya gari na aeleze faini zote zinazodaiwa, kwani faini hizo huandikwa kwa namba ya gari. Mali bila daftari hupotea bila habari: mapatano yaandikwe, ubovu uliotajwa uwemo, pande zote mbili zitie saini, kisha wakamilishe kubadili umiliki Mamlaka ya Mapato. Kufanya hivyo kunamlinda muuzaji pia, maana gari linalotembea kwa jina lake laweza kumletea mashtaka ya makosa asiyoyatenda.

Muuzaji atakayefuata njia hiyo huenda akapata pungufu ya laki kadhaa. Fedha hizo hazikuwa zake tangu mwanzo. Zilikuwa bei ya ubovu ambao angemtwisha mwenzake. Mnunuzi wa gari ni mwananchi anayetafuta nyenzo ya kumfikisha kazini na kumpeleka mgonjwa wake hospitali. Hakuja sokoni kuwindwa, na anastahili kuambiwa kweli kabla ya kutoa fedha zake.