Kusoma kwa Masista Si Kasoro ya Bi Harusi



Siku hizi posa ikiletwa, kabla hajaulizwa binti ana tabia gani, huulizwa amesoma wapi. Akitajwa Benbella au Lumumba, watu wanaendelea na chai yao. Akisemwa amesoma bara, tena skuli ya masista, vikombe vinawekwa chini. Mtu atakohoa kidogo, kisha shangazi mmoja atauliza kwa sauti ya chini: "Na swala, anaswali?"

Sisi tunaoandika hapa ni katika hao wa masista. Leo tunataka kulisema hili bila ya kuzunguka, kwa sababu tunawashonea mabibi harusi na tunaona wengine wanaificha skuli yao kama mtu anavyoficha maradhi. Hakuna haja ya kuificha, na hakuna haki ya kumhukumu mtu kwa jina la mtakatifu lililoandikwa juu ya cheti chake.

Tulisoma Issuna, mkoani Singida, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida mjini. Kwa wasiopajua, ni nchi ya Wanyaturu, nchi kavu ya upepo na mashamba ya alizeti. Mtoto wa Unguja aliyezoea minazi na joto la bahari, mwezi wa Juni wa kule unamtoa machozi, maji ya ndoo ya asubuhi yanakata vidole. Wazee wetu wengine walikuwa askari na watumishi wa Muungano waliohamishiwa bara, wengine walifanya biashara ya mafuta ya alizeti. Walitafuta skuli ya dahalia, ya wasichana watupu, iliyo karibu na kazi zao, na iliyopatikana ilikuwa ya Kikatoliki. Hakuna mzee aliyetupeleka kwa kuwa amechoka na dini yake. Walitupeleka kwa sababu ya dini: hawakutaka binti apange chumba mtaani peke yake, akutane na kila mpita njia.

Kengele ya kwanza ililia saa kumi na moja alfajiri. Wenzetu waliamka kwa ajili ya misa, sisi tuliamka kwa ajili ya Subhi. Waislamu tulikuwa wachache, tukienea kwenye mikeka miwili kwenye kona ya bweni. Mkubwa wetu wa kidato cha nne ndiye aliyetuswalisha, akisimama katikati ya safu kama inavyotakiwa kwa wanawake. Darasani tulivaa sare kama wengine, na ushungi ulikuwa wa bwenini na wa swala. Ramadhani jiko lilituwekea ugali na maharage mpaka Magharibi, na daku yetu ilikuwa uji uliohifadhiwa kwenye chupa ya chai. Tende zilitoka nyumbani, na wenzetu wa Kinyaturu wakizingojea kuliko sisi wenyewe tuliofunga.

Katika sisi, wapo waliokuja na Juzuu Amma nzima moyoni, na wapo waliokuja na Alhamdu tu. Wa mwanzo waliwafundisha wa pili usiku, kabla ya taa kuzimwa. Hili ndilo tunalotaka wazazi walisikie vizuri. Skuli haikutupa dini na haikutunyang'anya. Tuliishi kwa kile tulichofungashwa nyumbani. Aliyekuja na dini mkobani aliitumia, na aliyekuja bila ilibidi aikope kwa wenzake.

Na tulipata nini kwa masista? Tulipata kazi ya mikono na tabia ya kuheshimu saa. Sista aliyetufundisha ushoni hakuangalia gauni kwa mbele. Aliligeuza nje ndani, akakagua mishono, na uzi ukining'inia alikupa wembe ufumue uanze upya. Alitufundisha pia kuandika daftari la fedha: kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule, hata kama ni shilingi mia ya uzi. Kozi ya cherehani tuliyoifanya baadaye ilituongezea kupima na kukata, lakini msingi ulishawekwa kule. Leo gauni la nikaha halitoki dukani kwetu mpaka ligeuzwe ndani likaguliwe, na hakuna bi harusi aliyewahi kuuliza jicho hilo lilifunzwa na nani.

Tunajua wapo watakaosema: "Lakini kukaa na wasio Waislamu miaka minne, mtoto atabaki vipi?" Ni wasiwasi wa mzazi, hatuucheki. Ila tuirudie sira yetu wenyewe. Makka ilipowabana Waislamu wa mwanzo, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wapi? Uhabeshi, kwa Najashi, mfalme Mkristo. Alipowaita wajieleze, Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alimsomea mwanzo wa Surat Maryam, na mfalme akakataa kuwarudisha kwa Makureshi. Walikaa huko, wakazaa, wakalea watoto.

Na katika wahamiaji hao alikuwemo Ummu Habiba (R.A.). Wanahistoria wa sira wanapokea kuwa mumewe waliyehama pamoja aliiacha dini huko Uhabeshi, akafa nje ya Uislamu. Yeye alibaki ugenini, mbali na kwao, na mtoto mdogo, na baba yake Abu Sufyan wakati huo ni mkubwa wa maadui. Dini yake haikutikisika. Kisha posa ikamfikia kutoka kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe, na katika mapokezi mashuhuri Najashi ndiye aliyetoa mahari kwa niaba yake, dinari 400. Mabibi harusi, iangalieni hiyo. Bibi huyu aliposwa akiwa katika nchi ya Wakristo, na miaka aliyokaa huko haikuhesabiwa kuwa kasoro. Ilikuwa ushahidi wa uimara wake.

Sasa turudi kwetu. Mmoja wetu, posa yake ilisimama miezi mitatu kwa sababu ya cheti cha masista. Mwisho upande wa mume walitaka asomeshwe Qur-ani mbele ya wakubwa ili waridhike. Alikubali. Akasoma kwa utulivu, hukumu za tajwidi zimekaa mahali pake, mpaka bibi mmoja akafuta machozi. Alipomaliza akasema kwa adabu: "Alhamdulillah. Na mimi ningependa kumsikia bwana harusi." Ukumbi ukanyamaza. Ndoa ilifungwa, na bwana harusi huyo tunamsifu, kwani alianza kwenda kwa maalim kabla ya nikaha. Lakini tujiulize, kwa nini kaka aliyesoma chuo kikuu na watu wa kila dini haulizwi chochote? Mbona wasiwasi huu unamwandama binti tu?

Kuwa na haya na masista si lazima, lakini kuwasifu mpaka kupitiliza pia si sawa. Tunasikia baadhi ya akina mama wanasema elimu nzuri iko kwa masista peke yao, na wanapeleka mtoto bila ya kuuliza kitu. Hapo hatukubaliani nao. Skuli hizi hazifanani. Katiba ya nchi, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuabudu, lakini maisha ya kila siku ya bweni yanaendeshwa na kanuni za skuli. Angalieni jirani zetu wa Kenya: kesi ya hijabu katika skuli ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayohusishwa na Kanisa la Methodisti, ilipanda mahakama hadi mahakama. Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana haki ya kuvaa mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Kama majaji wakubwa wamepishana, mzazi asidhani mambo yatajipanga yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, dada yetu, nenda mwenyewe au mtume baba yake. Uliza: Je, misa ni lazima kwa wote? Adhuhuri na Alasiri ataswali wapi, na atapewa dakika ngapi? Ushungi unaruhusiwa lini? Ramadhani jiko linafanyaje? Nyama inachinjwa na nani? Omba majibu kwa maandishi. Skuli inayojiheshimu haitaona vibaya kuulizwa, na ikiona vibaya, hilo nalo ni jibu.

Na nyumbani kuna kazi ambayo hakuna sista atakayekufanyia. Mtoto asiondoke kabla hajajua tohara. Wasichana wengi wanavunja ungo wakiwa dahalia, na kule hakuna wa kumwambia kuwa swala za siku za hedhi hazilipwi ila funga zinalipwa, au namna ya kukoga akishatoharika. Tuliokuwa wakubwa tuliwafundisha wadogo haya gizani, chini ya shuka. Hilo ni la mama, la shangazi, la somo. Usingoje kumpa somo usiku wa kuamkia harusi yake.

Jambo la mwisho ni letu sote visiwani. Hofu ya kupeleka mtoto wa kike skuli si ngeni hapa. Ilipofunguliwa skuli ya mwanzo ya serikali ya wasichana Unguja, mwaka 1927, wazee wengi walisita, na Qur-ani na kazi za mikono ziliwekwa darasani ili watulie. Mji Mkongwe nako masista walikuwa na skuli yao ya St. Joseph's Convent, na watoto wa Kiislamu walisoma humo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli ziliingia mikononi mwa serikali, na hiyo leo tunaiita Tumekuja. Wapo bibi zetu waliopita pale, wakaolewa, wakazaa, na khitma zao tumezisoma kama za Waislamu wote.

Kama kweli inatuuma kuona mabinti wetu wanakwenda mbali kutafuta dahalia yenye nidhamu, basi tuzijenge za kwetu. Bara tayari wapo waliothubutu, kama Kunduchi Girls Islamic ya Dar es Salaam. Tuna fedha za kukodi ukumbi na kupiga picha kwenye boti. Harusi moja ikipunguza meza kumi, binti mmoja atalipiwa ada. Tunasema hivi sisi ambao riziki yetu inatokana na harusi hizo hizo.

Kwako bi harusi uliyesoma kwa masista: shangazi akikuuliza umesoma wapi, taja jina la skuli yako lote, na la mtakatifu wake, na la kijiji chake. Kisha wakati wa swala ukifika, muombe radhi, ukaswali, urudi kwenye mazungumzo. Hilo linamtosha mwenye kutaka kujua.

Na kwenu wakwe zetu watukufu, wenye macho ya kuchagua: mkaribisheni binti, muulizeni mnayotaka kuyajua kuhusu dini yake, lakini na kijana wenu akae hapo hapo naye aulizwe.

Allah awabariki wote mnaoingia katika ndoa msimu huu, na awajaalie vizazi vyenu elimu yenye manufaa. Amin.