Makamyo ya umeme: tuanzie pale waya iko

Wakubwa wa migodi wanazungumuza sana siku hizi juu ya makamyo ya umeme. Wanasema: mazutu ni bei kali, moshi inaharibu hewa, na kobalti ni yetu. Siye wa sendika mu Likasi hatukatae. Tunaomba tu watu wahesabu mbele ya kupiga makofi.

Kwa mazutu, wanasema kweli. Inchi yetu inatosha petroli ku Muanda, lakini inauzwa inje ingali mubichi. Ile tunayotia mu makamyo ya Katanga inashuka ku bandari ya mbali sawa Dar es Salaam, inapita Zambia, inaingia Kasumbalesa. Kamyo inakula mazutu juu ya kutuletea mazutu! Mwaka 2022, wakati vita ya Ukraine ilipandisha bei dunia nzima, haikuumiza bapatro peke yao. Unga ya bukari nayo inafika ku kamyo.

Sasa hesabu. Kamyo kubwa yenye kujaa inakula kadiri ya kilowati-saa moja na nusu kwa kilometre moja. Batri moja yenye kujulikana sana ku makamyo ya China inabeba kilowati-saa 282. Likasi–Lubumbashi, kadiri ya kilometre 120, inafika bila shida. Likasi–Kolwezi, kadiri ya 180, inafika lakini imechoka kabisa, na shofere anapashwa kuomba Mungu asikutane na mupando ya ziada. Kwenda mpaka ku bahari? Tuache kwanza.

Lakini toka shimo mpaka kiwanda ni habari ingine. Kambove mpaka Shituru haifike kilometre 40. Njia ni ile ile, kamyo ni ile ile, kila saa inarudi mahali pamoja. Pale inawezekana. Na kama muzigo inashuka mulima, breki zinarudisha umeme mu batri. Jirani zetu wa Zambia, ku Kansanshi, wametia waya ku njia ya kupanda kutoka shimoni: kamyo inashika umeme juu sawa tramu, na mazutu inapunguka pale pale inaliwa sana. Na mu migodi ya chini ya udongo ingefaa kuanza hata mbele. Tangu 2012 shirika la utafiti wa kansa la OMS limeandika moshi ya mazutu ku liste ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Mutu anayetumika chini hana dirisha ya kufungua.

Kobalti, tuseme kweli: batri za makamyo mengi ya China ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata gramu moja. Shaba ndiyo, inaingia mingi. Basi wasituambie kila kamyo ya umeme inanunua kobalti ya Katanga.

Shida kubwa ni umeme yenyewe. Mwadingusha, ku Lufira, inatumika tangu 1930, na kiisha kutengenezwa upya ilirudi ku kazi mu 2021. Hata vile umeme haitoshe. Viwanda vingi vinawasha magrupu ya mazutu, na mingine inanunuliwa Zambia, kule ukame ya 2024 ilishusha sana maji ya ziwa la Kariba. Kujaza batri na grupu ya mazutu ni kuhamisha moshi toka barabarani kuipeleka nyuma ya kiwanda. Na kama makamyo yatakunywa umeme usiku wakati Kikula na Panda ziko mu giza, wake zetu watatuuliza sendika ilikuwa wapi.

Kiisha kuna jambo moja bapatro hawasemi. Kuvuta muzigo na umeme si kitu kigeni hapa. Mu 1952, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Jadotville, kompani ya reli BCK ilitia waya ya umeme toka hapa mpaka Tenke, na umeme ya maporomoko yetu ikaanza kuvuta mawago. Hakuna batri, hakuna mazutu. Nyuma waya ilifika Lubumbashi, Kolwezi na Kamina. Leo sehemu kubwa ya shaba inapita RN1 ku makamyo, na ile waya inaliwa na kutu na wezi. Kwa njia ndefu, treni ya umeme njo jibu, na tuko nayo tayari nusu. Makuta ya makamyo mapya ianze kutengeneza ile waya.

Inabaki kazi yetu. Fundi mwenye kufanya miaka makumi mbili ku pompe ya enjeksyo na ku turbo, kamyo ya umeme haina hata kimoja cha hivyo. Iko na volti zenye kuua, na programu yenye kufungulika ku kompyuta ya muuzaji tu. Kama hakuna masomo, fundi wetu atabaki kuosha vioo. Tunataka konvansyo kolektive iandike, mbele ya kamyo ya kwanza kupita mulango: masomo ndani ya saa za kazi na kwa mushahara, vifunguo vya programu kwa garaji za hapa, na mutu asifukuzwe juu ya mashini mupya. Walituambia tutazungumuza kiisha makamyo kufika. Tumejibu hapana. Madelege wa kila kiwanda walete ku ofisi ya sendika liste ya mafundi na mashofere wao, na miaka kila mumoja alifanya ku mazutu, ili siku ya mazungumuzo tufike na majina.