Ondoka, Hama, Hamishwa: Mtendaji Yuko Wapi?

Kitenzi ondoka ni cha kawaida mno, na ni nadra kutiliwa shaka. Hata hivyo, kinapotumiwa kueleza historia ya ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, yafaa kichunguzwe upya. Mwaka 1996, huko Bulyanhulu wilayani Kahama, wachimbaji wadogo walitakiwa na serikali kuyaacha maduara yao ili kupisha mradi wa mgodi mkubwa. Idadi yao na mengi yaliyotukia siku hizo yangali yakibishaniwa. Je, isemwe kuwa wachimbaji hao waliondoka? Swali hilo laihusu pia Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000.

Kimofolojia, ondoka ni jozi ya ondoa, kama ng'oka ilivyo jozi ya ng'oa. Katika sentensi "mti umeng'oka" hakuna nafasi ya aliyeung'oa. Kwa binadamu utata huzidi, kwa kuwa mtu huweza pia kuondoka kwa hiari yake. Asomaye kwamba "wachimbaji waliondoka" hawezi kujua kama palikuwa na amri au hapakuwa nayo.

Hama huleta tatizo jingine. Hakuna ahamaye mahali asipokaa; hivyo kitenzi hiki humkubali mchimbaji kuwa mkazi, wala si mpita njia. Lakini papo hapo humfanya mwenye uamuzi ambao haukuwa wake.

Huenda ikadaiwa kwamba hamishwa hutatua yote mawili, kwani hubeba ukazi katika mzizi na shurutisho katika viambishi -ish- na -w-. Hoja hiyo ina nguvu, ila haitoshi. Kuhamishwa hudokeza mahali pa kufikia: mtumishi huhamishiwa kituo kingine, na katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vilivyoteuliwa. Anayeamriwa kuacha duara bila kuonyeshwa pengine pa kwenda hajahamishwa, ameondolewa.

Ondolewa nacho kina kasoro, maana hata kifusi huondolewa. Kwa hiyo ni sharti kikamilishwe: nani aliondolewa, katika makazi gani, kwa amri ya nani. Mtafiti anayeyafupisha hayo yote kuwa "waliondoka" huwa tayari ametoa hukumu katika shauri alilodhamiria kulieleza tu.