Huduma Namba: Sheria ilistahili kutangulia alama za vidole

Kwa Mkenya wa kawaida, upekuzi ni askari mlangoni na masanduku yaliyopinduliwa. Lakini kesi za Huduma Namba zilizosikizwa na Mahakama Kuu jijini Nairobi zilidhihirisha kuwa Serikali yaweza kuingia katika maisha ya mtu bila hata kubisha hodi.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hakiishii kwenye nyumba na mali. Kinakataza pia habari za familia na mambo ya binafsi kutakwa au kufichuliwa pasipo lazima, na mawasiliano ya mtu kuingiliwa.

Haki hiyo ina mipaka. Kifungu cha 24 kinaruhusu ipunguzwe, ila kwa mujibu wa sheria na kwa kiasi kinachostahili katika jamii ya kidemokrasia.

Hapo ndipo Serikali ilipojikwaa. Usajili wa umma ulifanyika Aprili na Mei 2019, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba mwaka huo. Mamilioni ya wananchi walikuwa wamekwisha kutoa alama za vidole kabla ya kuwapo kwa sheria ya kuzilinda.

Januari 30, 2020, majaji watatu waliamua kuwa kipengele kilichoruhusu kukusanya vinasaba vya DNA, na kutambua kwa setilaiti mahali mtu anapoishi, kilikiuka Katiba. Hata hivyo hawakuufuta mpango wote. Waliruhusu uendelee endapo kanuni madhubuti zingewekwa kwanza.

Oktoba 14, 2021, Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa Serikali haikutathmini mapema athari zake kwa faragha. Hoja kwamba data ilikusanywa kabla ya sheria hiyo kupitishwa haikumshawishi, kwani wajibu wa kulinda faragha ulikuwamo tayari katika Katiba.

Uzito wa hukumu hizo ni dhahiri. Aliyeibiwa namba ya siri ya benki hupewa nyingine. Aliyeibiwa alama za vidole hana pa kupata vidole vingine. Ndiyo maana mpango wa Maisha Namba, uliotangazwa mwaka 2023, nao ulifikishwa mahakamani kujibu swali lile lile: je, ulinzi umewekwa kabla ya mwananchi kuitwa kujisajili?