Uvimbe usiouma usitudanganye

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yapo maradhi yanayojificha yenyewe, mgonjwa akavuka Kobero au Mugina na bidhaa zake wiki hadi wiki bila kujua.

Nazungumzia saratani ya nyuma ya pua, mojawapo ya saratani za kichwa na shingo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia niliyesomea uhamishoni Tanzania kabla ya kurejea Burundi. Wanafunzi huniuliza: ikiwa mwili una askari wake wa kinga, mbona hawaikamati saratani mapema?

Sehemu ya jibu imo katika virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanavyo, na walio wengi hawapati saratani. Lakini mara nyingi virusi hivyo hukutwa ndani ya seli za saratani hii. Mwaka 2004 wanasayansi walibaini kuwa vinatengeneza maikro-RNA, yaani vipande vidogo mno vinavyozima baadhi ya maagizo ya jeni. Mwaka 2009 ikaonekana kuwa kimojawapo huzuia protini iitwayo MICB. Protini hiyo ni kama bendera ambayo seli iliyo hatarini huipandisha ili askari wa kinga waje kuiua. Bendera isipopanda, askari hupita tu.

Ndiyo maana napinga usemi wa sokoni kwamba kisichouma hakina neno. Mwili kukaa kimya si ushahidi wa usalama. Uvimbe shingoni, pua kuziba au kutoa damu, sikio moja kuziba: hali hiyo ikizidi wiki 3, nenda hospitali ukapimwe. Si kila uvimbe ni saratani, lakini saratani hii ikiwahiwa hutibika vizuri kwa mionzi.

Sisi wa mpakani tuna hatari ya ziada. Leo tunanunua vidonge duka la dawa la upande huu, mwezi ujao zahanati ya upande wa pili, na hakuna muuguzi anayejua uvimbe una muda gani. Ndugu zangu, tusafiri na daftari moja la matibabu, liandikwe tarehe kila tunapotibiwa. Nao wauguzi wa pande zote mbili walisome kabla ya kutoa vidonge vingine. Tunatunza risiti za ushuru kwa makini. Tushindwe kutunza daftari la uhai wetu?