Mtoto wetu atalala wapi mjini?

Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Taifa yakiisha kutangazwa, furaha huingia katika jamaa nyingi. Baba huuza mbuzi, mama hutoa akiba ya soko, wajomba huchanga, na fedha ya masomo makubwa hupatikana. Lakini twaona kwamba wengi husahau ulizo moja: huko mjini, mtoto atalala wapi?

Zamani ulizo hilo lilikuwa jepesi. Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville kilipoundwa mwaka 1955, wanafunzi walikuwa wachache, na aliyepewa nafasi darasani hakuhangaika sana juu ya kitanda. Elisabethville ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Leo wanafunzi wake ni maelfu na maelfu, na vyumba vya Chuo havitoshi. Basi, njia ni tatu, na kila moja yataka akili.

Njia ya kwanza ni ndugu. Ni njia njema, maana jamaa zetu hazifungi mlango. Lakini mgeni wa miaka mitatu si mgeni wa siku tatu. Kabla mtoto hajafunga mzigo, baba aende mwenyewe kwa shemeji au kwa mdogo wake, waketi na kupatana: mtoto atasoma saa gani, atasaidia kazi gani nyumbani, na wazazi wataleta nini. Mfuko wa unga kila mwezi huzuia maneno mengi. Wako wasichana waliopokelewa kama wana, kisha wakageuzwa vijakazi: asubuhi maji, mchana watoto, jioni soko, na vitabu usiku wa manane. Msichana wa namna hiyo akishindwa mtihani, kosa si lake peke yake.

Njia ya pili ni nyumba za wanafunzi: zile za Chuo, na zile zinazoongozwa na Masista au Mapadri, mahali zilipo. Huko pana sheria, pana saa ya kufunga mlango, na pana mtu wa kuuliza mtoto akichelewa. Vijana hunung'unika, mzazi mwenye busara hushukuru. Lakini nafasi hujaa upesi, basi aombe mapema. Tena asinunue kitanda kwa mwanafunzi mwenzake kwa siri, bila jina lake kuandikwa katika daftari ya nyumba. Siku ya ukaguzi atatolewa nje pamoja na godoro lake, na fedha haitarudi.

Njia ya tatu ni kupanga chumba katika lupango la mtu. Hapa ndipo wengi hulia. Komisioneri huonyesha chumba kimoja kwa watu watano, hupokea fedha ya wote watano, kisha hatafutiki tena. Kwa hiyo msitoe hata franka moja kabla ya kuona chumba kwa macho, na mwenye lupango uso kwa uso. Waulizeni majirani kama kweli ndiye mwenyewe. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba yasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Wako wanaodai sita au zaidi, wakitumaini kwamba mgeni hajui. Sasa mwajua. Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya shahidi, na kila malipo yawe na karatasi yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena msidanganywe na bei ndogo. Tuseme chumba karibu na masomo ni franka 60,000 kwa mwezi, na kile cha mbali ni 35,000. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi ni franka 2,000, siku 22 za masomo zaleta 44,000. Chumba cha mbali basi chagharimu 79,000, tena mtoto afika darasani amechoka. Atazameni pia maji, choo, kufuli ya mlango na bati la juu. Na ikiwezekana, aende kukiona chumba siku ya mvua.

Jambo jingine twalisema kwa nguvu. Lubumbashi wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni na wa Julai, usiku una baridi kali. Wengine huingiza mbabula ya makaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Makaa yale hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua mtu usingizini. Mbabula ibaki nje. Ndani mtoto awe na blanketi nzito. Mama, usisahau blanketi hiyo katika mzigo.

Na binti zetu? Yuko mwenye nyumba anayesema, «Kodi tutaelewana baadaye.» Neno hilo ni mtego. Msichana akose deni, asikae peke yake, bali na wenzake wawili au watatu wenye adabu. Na wazazi wafike kumtazama bila kutoa habari mbele. Akituma neno kwamba hali ni mbaya, wamsadiki na kumhamisha upesi, wala wasimkemee kwanza.

Mwisho twawaambia ninyi wenye malupango, mnaokuja Misa kila Dominika. Kila Noeli twawasikitikia Yosefu na Maria, waliokosa nafasi Betlehemu. Mwanafunzi anayebisha kwenu mwezi wa kuanza masomo naye ni mtoto wa watu. Kodi ya haki ni haki yenu. Kumnyonya mgeni ni dhambi.

Ninyi wazazi, kabla ya safari, ombeni barua kwa padri wenu. Mtoto akifika mjini, aipeleke parokia ya mahali atakapokaa, ajulikane kwa jina. Kijana anayejulikana hapotei upesi.